Saa 14 za huduma kwa wiki: nani analipa, na je, zinaweza kusogezwa?

Swali: Mama yangu ana miaka 79. Ni mzaliwa wa Mombasa, raia wa Uingereza, na tunaishi naye hapa Leicester. Ana ugonjwa wa viungo na moyo dhaifu. Siku nyingine anaoga na kupika mwenyewe, siku nyingine hata kuinuka kitandani ni kazi. Halmashauri imempa nafasi katika jengo la fleti za wazee lenye wahudumu usiku na mchana, na wamempangia saa 14 za huduma kwa wiki. Anapata Pension Credit (nyongeza ya serikali kwa wastaafu wenye kipato kidogo), ana akiba ya pauni 9,000, hana posho nyingine. Nani atalipa nini? Saa hizo zinaweza kusogezwa siku akizidiwa, au Ramadhani, au anapokwenda nyumbani miezi mitatu kama kawaida yake? Na ndugu wanasema namtupa mama.

Jibu: Dada yangu, nianze na la ndugu, maana ndilo fupi. Fleti hiyo si nyumba ya kutunzia wazee. Kwa lugha ya halmashauri inaitwa Extra Care, na mama atakuwa mpangaji kama mpangaji mwingine yeyote: mkataba wake, ufunguo wake, jiko lake. Mwenye jengo, mara nyingi shirika la nyumba, ni mmoja. Anayemsaidia kuoga, kuvaa na kumeza dawa ni kampuni nyingine, iliyosajiliwa na CQC, mamlaka inayokagua huduma za afya na matunzo England. Mkiudhika na kampuni mnaweza kuibadili na mama asihame. Na hao wanaosema wanakaribishwa kuja kulala. Majengo mengi ya namna hii yana chumba cha wageni.

Sasa pesa. Watu huchanganyikiwa kwa sababu huuliza "inagharimu kiasi gani?" kama vile kuna bei moja. Bei ziko nne, na kila moja ina mlipaji wake: kodi, ada ya kuendesha jengo, ada ya kuwa na watu zamu usiku na mchana, na saa 14 zenyewe.

Kodi haina shida. Kwa kuwa mama anapata sehemu ya Pension Credit iitwayo Guarantee, Housing Benefit, yaani posho ya kodi ya nyumba, italipa kodi yote inayokubalika, pamoja na ada za jengo kama usafi wa korido, lifti na taa za sehemu za pamoja. Haitalipa umeme, joto na maji ya ndani ya fleti, wala chakula, wala kengele ya dharura.

Ya tatu ndiyo inayowashitua watu siku ya kusaini. Kila jengo huibatiza jina lake: wengine ada ya ustawi, wengine huduma ya msingi. Inamlipa mhudumu anayekaa zamu usiku na kuitikia kamba ya dharura ikivutwa, hata kama mama hakuivuta mwezi mzima. Zamani gharama za namna hii zilibebwa kwa sehemu kubwa na mfuko wa serikali ulioitwa Supporting People, ulioanza Aprili 2003 ukiwa na takriban pauni bilioni 1.8. Mwaka 2009 serikali iliondoa sharti la kuitumia fedha hiyo kwa kazi hiyo tu, halmashauri zikaanza kubana matumizi, na pengo likawa la kuzibwa na mpangaji. Uliza mambo mawili kabla ya kusaini: je, ada hii ni sharti la upangaji? Na je, halmashauri inaihesabu ndani ya mchango wa mama (kiasi atakachotozwa kwa huduma), au anailipa juu yake? Ukijibiwa la pili, dai iingizwe kwenye gharama zinazotokana na udhaifu wake. Nitazieleza punde.

Ya nne ni saa 14. Hapa sheria ni Care Act ya 2014. Akiba ya mama iko chini ya pauni 14,250, kwa hiyo haiguswi kabisa. Kati ya hapo na pauni 23,250, kila pauni 250 huhesabiwa kama kipato cha pauni 1 kwa wiki. Juu ya hapo mtu hujilipia mwenyewe. Viwango hivyo vimeganda tangu 2010. Mpango wa kuweka kikomo cha pauni 86,000 kwa gharama za maisha yote ulifutwa na serikali Julai 2024, kwa hiyo anayekwambia "kuna kikomo" ana habari za zamani.

Nitumie viwango vya 2025/26, ambavyo hupanda kila Aprili. Kwanza, mwombee mama Attendance Allowance, posho ya mzee anayehitaji msaada wa mtu, leo hii, msingoje kuhama. Haitazami kipato wala akiba. Inataka tu awe amehitaji msaada kwa miezi sita. Kiwango cha chini ni pauni 73.90 kwa wiki, cha juu 110.40 kwa anayehitaji msaada mchana na usiku pia. Tuchukue cha chini. Pension Credit ni 227.10. Akihamia peke yake kwenye fleti, anastahili nyongeza ya ulemavu mkubwa, pauni 82.90. Jumla 383.90. Sheria inaitaka halmashauri imwachie angalau takriban pauni 232 za kujikimu, kisha iondoe gharama zinazotokana na udhaifu wake: nepi, kufua mashuka kila mara, joto la ziada, teksi ya hospitali. Tuseme hizo ni 25. Mchango wake utakuwa kama pauni 126 kwa wiki. Kama saa moja inaigharimu halmashauri pauni 22, saa 14 ni 308, na 182 zilizobaki ni za halmashauri.

Tazama jambo moja hapo. Ile nyongeza ya 82.90 imeingia mkono huu na kutokea ule; karibu yote imemezwa na mchango. Na haitolewi kama kuna mtu anayelipwa Carer's Allowance, posho ya mhudumu wa nyumbani, kwa ajili ya mama. Kwa hiyo, kama wewe bado unamhudumia kwa saa 35 kwa wiki kwa kweli, na mshahara wako baada ya makato hauzidi pauni 196, na hupokei Universal Credit (posho ya wenye kipato kidogo walio katika umri wa kazi), familia inafaidika zaidi wewe ukichukua Carer's Allowance ya pauni 83.30 na mama akakosa nyongeza. Mchango wake utashuka hadi pauni 43 hivi. Si ujanja, ni hesabu, na maofisa wengi hawataitaja. Lakini saa 35 ziwe za kweli. Mama akishahamia kwenye jengo lenye wahudumu, wataulizia.

Jambo la pili: mchango wake umefungwa na kipato chake, hauendi na idadi ya saa. Saa 14 zikiwa 18, mama analipa zile zile. Nimewaona wazee wanakataa kuomba saa za ziada kwa kuogopa bili ambayo isingekuja. Kinyume chake pia ni kweli: wiki aliyolazwa au aliyokaa kwako siku tatu, usitarajie bili ishuke, mpaka gharama halisi ya wiki hiyo iwe chini ya mchango wake.

Na kama ana nyumba au kiwanja huko Mombasa kwa jina lake, itajwe kwenye fomu zote. Mali ya nje huhesabiwa. Ikiwa anaishi humo ndugu wa karibu aliye mzee au asiyejiweza, yaweza kuachwa nje ya hesabu, lakini hilo huamuliwa baada ya kutajwa.

Neno kwa wasomaji wengine: haya ni ya mwenye uraia au ukaazi usio na masharti. Mzazi aliyeletwa kwa viza ya mzazi tegemezi, ndani ya miaka mitano ya ahadi ya mwanawe kumkimu, asiombe posho hata moja kabla ya kuonana na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Turudi kwenye saa. Saa 14 hazikudondoka kutoka mbinguni. Ukifungua mpango wa huduma wa mama nadhani utaona hivi: dakika 45 asubuhi, 30 mchana, 45 jioni, mara siku saba. Hiyo ni saa mbili kwa siku, 14 kwa wiki. Na tatizo lako lote limo humo. Siku mama anapoamka mzima, mhudumu anakuja saa mbili asubuhi, anamkuta ameshaoga na kuvaa, anapika chai, anaandika kwenye simu, anaondoka. Siku viungo vimekaza, dakika 45 zinaishia kwenye kumtoa kitandani, na nywele hazijaguswa. Kwa wiki nzima saa zimetosha. Kwa siku hazikutosha hata moja.

Kwa hiyo usiombe saa zaidi kwanza. Omba ziandikwe tofauti. Maneno unayoyataka kwenye mpango ni kwamba mama ana saa 56 kwa kila wiki nne, kwamba ziara ya siku njema yaweza kufupishwa na dakika zake kuwekwa, na kwamba zitatumika siku akizidiwa bila kuomba tathmini mpya. Na kinachotakiwa kitajwe kama matokeo: awe msafi, amevaa, amekula cha moto, amemeza dawa. Mpango ukitaja matokeo, mhudumu anaweza kufikiri. Ukitaja dakika tu, atatazama saa.

Sheria iko upande wako hapa. Kanuni za 2015 za kuamua nani anastahili huduma zinasema wazi kwamba mahitaji yanayopanda na kushuka yapimwe kwa kipindi, yasipimwe kwa siku moja. Zinasema pia kwamba anayefanya jambo kwa maumivu makali, au kwa muda mrefu kupita kiasi, huhesabiwa kama asiyeweza kulifanya. Sasa wamama wetu: ofisa ustawi wa jamii anauliza hali, mama anajitanda mtandio vizuri, anakaa wima, anasema, "Sijambo, alhamdulillah, najiweza." Ofisa anaandika "anajitegemea". Hakudanganya mtu, amejibu salamu. Kaa na daftari kwa wiki mbili kabla ya tathmini: amka saa ngapi, alioga kwa dakika ngapi, nani alimshika, chakula alikipika au alikula mkate mkavu. Mpe ofisa daftari. Mkalimani ni wajibu wa halmashauri kumleta, asifanywe mjukuu.

Lakini mpango mzuri kwenye karatasi unaweza kugonga mwamba kwenye mkataba ambao wewe huuoni, yaani kati ya halmashauri na kampuni. Kuna majengo ambayo halmashauri hununua saa kwa jumla, tuseme saa 300 kwa wiki kwa jengo zima. Kampuni inalipwa hizo, wahudumu wako hapo hapo, na kumtoa mtu fleti ya 6 kwa nusu saa kwenda fleti ya 19 ni suala la kupiga simu ya ndani. Na kuna majengo ambayo kampuni inalipwa kwa dakika zilizotolewa tu, zinazosajiliwa mhudumu anapogusa kifaa mlangoni. Huko, ziara ya mama ikifupishwa, kampuni inapoteza pesa wiki hiyo na mhudumu anapoteza ujira. Halafu unashangaa kwa nini hawataki kusogeza. Si roho mbaya, ni namna walivyofungwa. Muulize meneja swali moja, kwa utulivu: mnalipwa kwa saa zilizopangwa au zilizotolewa? Jibu lake litakwambia mengi kuliko kipeperushi chenye picha za wazee wanaocheka.

Kama jibu ni "zilizotolewa", bado kuna njia. Mama ana haki ya kujua bajeti yake binafsi, yaani kiasi cha pesa ambacho saa 14 hizo zinasimamia, na kuomba sehemu yake au yote aipokee mwenyewe kama malipo ya moja kwa moja, aajiri au anunue huduma anakotaka. Ile ada ya zamu ya usiku na mchana itabaki kwa kampuni ya jengo, hiyo haiondoki. Siwashauri kuzitoa zote 14. Kuwa mwajiri kuna bima, mishahara, likizo, na asubuhi ya mvua ambayo mtu wako ana mafua. Ziacheni asubuhi na jioni kwa watu wa jengo. Chukueni zile nusu saa za mchana: mara saba ni saa tatu na nusu. Hakuna atakayepanda basi kuja kufanya kazi nusu saa, lakini saa tatu na nusu ni ziara mbili za saa moja na dakika 45. Mtafutieni mama mtu anayejua Kiswahili, aje Jumatatu na Ijumaa, amkoshe nywele kwa nafasi, amsukie, wapike pamoja sufuria ya mchuzi wa nazi itakayogawanywa na kuwekwa kwenye friza. Mchana wa siku nyingine atapasha mwenyewe au ataletewa na jirani. Kwa mtu mwenye afya inayobadilika, hizo ziara mbili zina uzito kuliko saba za kuchungulia mlangoni. Sheria hairuhusu kwa kawaida kumlipa mwenzi au ndugu wa karibu anayeishi nyumba moja naye, lakini mpwa anayeishi nyumbani kwake mwenyewe hakatazwi, mradi halmashauri ikubali.

Halmashauri chache zina njia ya katikati: pesa inakaa kwa kampuni, lakini kwa hesabu ya jina la mama, na kampuni inawajibika kuitumia atakavyo. Ulizieni. Ikiwapo, ni nzuri kwa familia isiyotaka mambo ya mishahara.

Na msikubali saa hizo ziliwe na kazi ya muuguzi. Kufunga kidonda na sindano za insulini ni za wauguzi wa jamii wa NHS (huduma ya afya ya serikali), bure. Mama akitoka hospitali, ana haki ya kuulizia huduma ya kumrudishia uwezo, ambayo hadi wiki sita haitozwi. Itumieni kwanza, saa zake za kawaida zipumzike.

Ramadhani. Niseme kwanza kwamba kufunga au kutofunga kwa mtu mwenye moyo dhaifu ni la daktari wake na mwanachuoni mnayemwamini, na likae sawa kabla ya kugusa ratiba, kwa sababu ratiba ya dawa ndiyo inayoongoza. Lakini hata asiyefunga anataka kuamka na watu, atie udhu, asali alfajiri. Miaka hii mwezi unaangukia majira ya baridi, na hiyo ni nafuu kwenu. Katikati ya baridi alfajiri ya Leicester huingia kwenye saa kumi na mbili asubuhi hivi, karibu na zamu ya mchana kuanza, na magharibi huingia mapema. Kile kipande cha dakika 30 cha mchana hakina kazi mwezi huo. Ombeni kihamishiwe kabla ya alfajiri, na kile cha jioni kisogezwe mbele kifike kabla ya adhana, si saa mbili baada ya futari.

Hapo mtakutana na swali la mhudumu wa usiku. Ulizeni kama yuko macho zamu nzima au analala hadi aitwe. Anayelala hulipwa tofauti, na kumwamsha kila siku kwa kazi iliyopangwa si haki yenu. Aliye macho anaweza kupangiwa ziara fupi, ila kampuni itataka uhakika kwamba kengele ikilia fleti nyingine yupo wa kuitika. Mahali ambapo limefanyika vizuri, familia ilileta ombi wiki sita kabla, pamoja na kalenda ya nyakati za sala na orodha mpya ya dawa kutoka kwa mfamasia. Mahali lilipokwama, ombi lililetwa mwezi ulipoandama. Ukiwa na wapangaji wengine Waislamu jengoni, na Leicester hawakosekani, pelekeni ombi moja. Meneja anaweza kumpangia mtu zamu ya kuanzia saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya fleti nne. Kwa fleti moja hawezi.

La mwisho ni safari, na hapa nakuomba usome polepole. Miezi mitatu ya Mombasa aliyozoea mama haitawezekana tena kwa masharti yale yale. Attendance Allowance huendelea hadi wiki 13 nje ya nchi. Lakini Pension Credit na Housing Benefit huvumilia wiki nne tu, nane kama amefiwa na ndugu wa karibu, 26 kama amekwenda kutibiwa. Na si kwamba zinalipwa wiki nne kisha zinasimama. Ikijulikana toka mwanzo kwamba safari itazidi wiki nne, Housing Benefit inakatika tangu siku ya kuondoka. Alipokuwa anaishi kwako hilo halikuonekana, hakukuwa na kodi kwa jina lake. Sasa kodi ya fleti itaendelea kuhesabiwa kila wiki, pamoja na ada ya zamu, na atarudi akute deni la maelfu na barua ya mwenye nyumba. Hospitali ya hapa Uingereza ni tofauti: akilazwa, Housing Benefit yaweza kuendelea hadi wiki 52 mradi ana nia ya kurudi, ingawa Attendance Allowance husimama baada ya siku 28.

Kwa hiyo kateni tiketi ya siku 26, ya kwenda na kurudi, mara mbili kwa mwaka ikiwa mfuko unaruhusu. Wajulisheni Pension Service na halmashauri kwa maandishi kabla ya kuondoka, tarehe zote mbili zikiwemo. Na muombeni meneja saa za wiki hizo zisimame huku mpango ukibaki wazi, ili atakaposhuka Heathrow amechoka na miguu imevimba, mhudumu awe anajua kwamba kesho yake asubuhi anatakiwa.